Saba kwa Kumi

Ruai, Jumanne. Udongo mweusi umepasuka
kama kisigino kilichosahau mafuta.
Lemarti anagonga vigingi vya chuma, nami namwaga
maji ya chumvi kwenye shina la kila kigingi,
kijiko kwa kijiko, kama anayemnywesha mgonjwa,
ili umeme wa betri ukubali kushuka.

Unashuka. Hatuuoni ukishuka.
Tunachopata ni namba,
milivolti tatu na nukta, zinazotetemeka
kila jirani anapowasha mashine ya posho.

Bwana Gichinga amesimama kando, funguo kidoleni.
Anataka ghorofa sita hapa.
"Mita ngapi?"
Bado, namwambia.
"Lakini mashine si imesema?"

Mashine imeonja supu, mzee.
Mimi ndiye natakiwa kumtaja ng'ombe,
rangi yake, na zizi alikolala.

Usiku, Umoja, chumbani juu ya kinyozi,
kompyuta inaumba ardhi.
Ardhi elfu kumi, moja baada ya nyingine:
inaweka tabaka la jiwe gumu, inalitoa,
inayasogeza maji chini mita tano,
na kila mara inauliza: hii nayo
ingenipa namba zile zile?
Na nyingi, Mungu wangu, zinajibu ndiyo.
Tabaka jembamba lenye maji tele,
tabaka nene lenye unyevu tu:
kwa waya wangu ni mapacha waliovalishwa sare.
Na mfinyanzi nao hupitisha umeme kama maji,
hudanganya bila kufungua mdomo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama. Mgongo unauma. Mvungu una giza,
na ndani yake naona miguu ya vitanda vingine.

Sikuanza mikono mitupu, lakini.
Nina kisima cha kanisa, kilomita mbili mashariki,
maji mita mia moja tisini na nane,
ndivyo karatasi inavyosema; ila mchimbaji alilipwa kwa mita,
kwa hiyo karatasi nayo naipimia shaka yake.
Nina miaka kumi na moja ya kukosea.
Hayo nayatia mizanini kabla ya namba,
na naogopa: nikiyazidisha,
nitasikia sauti yangu tu ikirudi kutoka chini.

Alfajiri naandika:
Mita 180 hadi 240. Uwezekano, saba kwa kumi.
Sikuandika "huenda". Huenda ni tundu ukutani.
Saba kwa kumi ni mlango, una upana, una bawaba,
na zile tatu zilizobaki zinajua pa kupitia.

Gichinga akasoma, akacheka kwa pua.
"Kuna mzee wa Njiru, ana kijiti cha mpera.
Alisema mia na sitini. Hakugugumiza."
Kweli, hakugugumiza.
Mimi nalipwa kugugumiza kwa hesabu.

Walichimba. Mia na sitini, vumbi.
Mia na themanini, vumbi, na jiwe la kijivu linalonuka baruti.
Mia mbili na kumi na mbili:
pesa ikaisha kabla ya jiwe.
Akanipigia simu. Hakutukana;
angetukana, ningejua la kujibu.
Alisema tu, "Hizo mita ishirini na nane..."
Nikasema, "Ndiyo."

Usiku ule nikairudisha kompyuta kazini.
Ardhi zote zenye maji ya juu zikafa,
zilizosalia zikagawana uzito wa marehemu,
za kina kirefu, na zile kavu kabisa.
Sasa ni nne kwa kumi. Nikamtumia.
Amesoma: alama mbili za bluu, kisha kimya.

Asubuhi lori la maji limesimama getini kwake.
Bomba linavuja pembeni ya barabara,
na udongo mweusi unakunywa, unakunywa,
bila kusema unayapeleka wapi.